Lilithibitishwa na Nani? Kisa cha Jina la Uhura Kibokoni

Kadi yenyewe ningali nayo. Ni kipande cha boksi la majani ya chai nilichokikata kwa wembe, kona moja ina alama ya duara la kijikombe cha kahawa, na katikati, kwa kalamu ya buluu, pana mwandiko wangu: "Jina la kwanza la Uhura lilithibitishwa mwaka gani?" Chini yake, kwa herufi ndogo za kusomwa na mwulizaji peke yake, nimeandika 2009. Maneno manane hayo, kuhusu mhusika wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga, yaliwagombanisha watu kumi na wawili darini kwa ami yangu, Kibokoni, Mombasa, mpaka jirani wa chini akaanza kugonga kwa mpini wa ufagio.

Mwamuzi nilikuwa mimi, na uamuzi wangu ulipinduliwa. Ndiyo sababu nakiandika kisa hiki mimi mwenyewe, kabla hakijasimuliwa na walionishinda.

Kikundi chetu hakina jina wala katiba. Ni watu wanaopenda tamthilia za sayansi ya kubuni, zile za merikebu za anga, viumbe wa sayari nyingine na safari za wakati, na tunakutana kila baada ya miezi miwili mitatu, baada ya Isha, joto likishapungua. Baadhi yetu hulipia mitandao ya filamu, wengi tunategemea flashi zinazozunguka kwa zamu kama pesa za upatu. Usiku huo tulikuwa na chemshabongo ya Star Trek: timu nne za watu watatu, kila mtu shilingi 250, jumla 3,000 kwa washindi. Kahawa tungu ilikuwemo kwenye dele, kashata kwenye sinia, na kengele ya kujibia ilikuwa ya baiskeli.

Nilisoma masharti matatu. Simu zote juu ya meza. Kengele kwanza, jibu baadaye. Na jibu linalokubalika ni lile la kanoni. Hili la tatu ndilo lililotumaliza, na hakuna aliyeniuliza maana yake. Kila mtu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa iwapo aijua njia ya kwao.

Ami, aliyekuwa kajikalia pembeni na tasbihi yake, alisikia "kanuni", akafurahi kwamba vijana siku hizi wana kanuni. Wala hakukosea sana. Kanuni yetu ilitujia kwa Kiarabu, na Waarabu waliitoa kwa Wagiriki. Neno hilo hilo la Kigiriki likapita njia ya Ulaya likawa kanoni ya makanisa, yaani vitabu vinavyokubaliwa kuwa maandiko, kisha likaangukia mikononi mwa mashabiki. Mchezo wa kuzipekua hadithi za kubuni kana kwamba ni maandiko matakatifu ulipata nguvu Uingereza, pale Ronald Knox alipoandika mwaka 1911 makala ya kuchambua visa vya Sherlock Holmes kwa mbinu za wachambuzi wa Biblia. Alikuwa anatania. Waliomfuata hawakutania tena.

Kwa mashabiki wa runinga, basi, kanoni ni yale yanayohesabiwa kuwa yametokea kweli ndani ya hadithi. Yaliyobaki ni porojo, hata yawe matamu namna gani. Maelezo hayo yanatosha ukiwa nyumbani peke yako. Pakiwa na shilingi 3,000 mezani hayatoshi hata kidogo.

Timu mbili zilikuwa zimefungana, 18 kwa 18. Swali la mwisho lilikuwa hilo la kadi. Fundi wa simu wa Makadara aliipiga kengele kabla sijamaliza kutamka "gani".

"2009!"

Nikasema sahihi. Watu wake wakasimama wakaanza kupongezana. Upande wa pili mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, aliweka kijikombe chake chini polepole.

"Mwamuzi, hapo sikubali," akasema. "Jibu ni 2022."

Niseme kwanza kwa nini mimi niliandika 2009. Uhura ni afisa wa mawasiliano katika Star Trek ya mwanzo, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969. Aliigizwa na Nichelle Nichols, na kwa maelezo ya Nichols mwenyewe jina lilitokana na kitabu alichokuwa akikisoma siku aliyokwenda kufanyiwa majaribio, riwaya kuhusu Kenya iliyoitwa Uhuru. Nchi yetu ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu tangu ipate uhuru wenyewe. Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia, akaigeuza u ya mwisho kuwa a ili ipate sauti ya kike. (Kiswahili hakina kike wala kiume katika viishio vyake, lakini tumsamehe, angalau hakubuni neno lisilotamkika.) Jina la kwanza hakupewa. Vipindi 79 vilikwisha, zikaja filamu sita za waigizaji wale wale, na hakuna hata mara moja ambapo mtu alimwita kwa jina lingine lisilokuwa Uhura.

Ikaja filamu ya 2009. Humo Uhura ni Zoe Saldana, na mzaha unaozunguka filamu nzima ni kwamba kijana Kirk, atakayekuwa nahodha wa merikebu, hajui jina lake la kwanza na binti hataki kumwambia. Mwishowe analisikia kwa Spock, afisa mwenzao, pale anapoagana naye: Nyota. Kwa mtu wa Pwani lile lilikuwa jambo la kumfanya aruke kitini. Nyota! Neno ambalo kwetu ni taa ya mbinguni na ni bahati ya mtu pia, ukasema fulani ana nyota, au nyota yake imefifia. Nilikuwa na hakika kabisa: jina lilisikika kwenye skrini mwaka 2009, likawa kanoni mwaka 2009. Nikaandika kadi, nikalala.

Mwalimu alikuwa na hoja ambayo mimi sikuifikiria, na kwa haki ni hoja nzito. Filamu ya 2009, alisema, haipiti katika mkondo ule ule wa wakati. Kulingana na hadithi, mwaka 2233, siku aliyozaliwa Kirk, merikebu inatokea kutoka siku za usoni, inamuua baba yake, na kuanzia hapo historia inachepuka. Pana mkondo wa asili, wa akina Nichols, na pana mkondo wa pili, wa akina Saldana. Jina lililotajwa katika mkondo wa pili ni la Uhura wa mkondo wa pili.

"Mwalimu, mtu ni yule yule," fundi akamjibu. "Kirk ni Kirk, Spock ni Spock, majina hayakubadilika."

"Hao walipewa majina kabla ya mchepuko, au siku yenyewe. Chekov je?"

Fundi akanyamaza. Na hapo ndipo nilipojua kwamba usiku utakuwa mrefu, kwa sababu suala la Chekov, afisa kijana wa merikebu hiyo, halina jibu jepesi. Katika kipindi kimoja cha 1967 Chekov anasema ana miaka 22, na kwa kalenda ya hadithi hiyo ni 2267. Katika filamu ya 2009, inayofikia 2258, anajitambulisha kuwa na miaka 17. Piga hesabu: yule wa asili alipaswa kuwa na 13. Kwa hiyo baada ya mchepuko hata uzazi umebadilika. Aliyezaliwa 2245 upande mmoja kazaliwa 2241 upande mwingine. Na Uhura ni mdogo kwa Kirk, mwalimu akaendelea, maana tamthilia mpya, Strange New Worlds, inatuonyesha anaanza kazi akiwa mwanafunzi wa uafisa wakati Kirk keshapanda vyeo. Alizaliwa baada ya mchepuko. Mzazi wake wa upande huu hakulazimika kumpa jina alilompa mzazi wa upande ule. Mpaka tamthilia ya mkondo wa asili iliposema kwa kinywa chake kwamba anaitwa Nyota, hapakuwa na ithibati, na ilisema mwaka 2022.

Nilimtazama mtu huyu anayefundisha darasa la nne kugawanya desimali, nikajiambia labda nimekwisha.

Kabla sijajibu, muuza vitabu vya mitumba, ambaye timu yake ilikuwa imeshatolewa mapema na alikuwa amebaki kwa ajili ya kashata, akacheka. Wote wawili wamekosea, akasema. Ni 1982. Mwaka huo ndipo William Rotsler alipotoa kitabu cha wasifu wa wahusika, kikiendana na filamu ya pili, na ndimo alimomwita Uhura kwa jina la Nyota. Kitabu kilichapishwa kwa idhini ya kampuni. Inasimuliwa hata kwamba Rotsler alimwuliza Roddenberry, na Nichols pia, na wote wakaridhia. Waandishi wa riwaya wakalidaka, likatumika miaka na miaka. "Filamu ililiokota," akasema. "Kwani mtoto hupata jina siku ya kwenda kuchukua kitambulisho?"

Hapo ndipo mpini wa ufagio ulipoanza.

Ningependa kusema kwamba nilituliza watu kwa busara. Ukweli ni kwamba nilipiga kengele ya baiskeli kwa dakika nzima nikirudia "mwamuzi keshaamua", na dada wa benki, wa timu ya fundi, akanizidi sauti akitaka kupewa pesa zake kwa sababu ana zamu ya asubuhi.

Ubishi ukahamia kwenye mifano ya nyuma. Muuza vitabu alikuwa nayo tele. Sulu, mshika usukani wa merikebu, naye hakuwa na jina la kwanza katika tamthilia ya mwanzo. Hikaru lilitoka kwenye riwaya ya Vonda McIntyre ya 1981, na likatamkwa kwenye skrini mara ya kwanza katika filamu ya sita, ya 1991. Kirk mwenyewe, ile T ya James T. Kirk, alifafanuliwa kuwa ni Tiberius katika zile katuni za 1973 na 1974. Katuni hizo, mwishoni mwa miaka ya themanini, zilisukumwa nje ya hesabu, waandishi wa vitabu wakaambiwa wasizitegemee. Lakini Tiberius hakutoka nazo. Alibaki, akaibuka mahakamani katika filamu hiyo hiyo ya 1991. Watatu hao, Hikaru, Tiberius na Nyota, majina yao yote yaliingilia dirishani. Mimi huyu niliyeshabikia skrini pekee nilikuwa nayajua mambo haya yote. Sikuwa nimeyapanga pamoja hata siku moja.

Fundi alijitetea kwa lililokuwa la kwangu pia: kitabu ni kitabu, skrini ni skrini, kilichoonekana ndicho kilichotokea. Ni kipimo kizuri kwa kuwa kila mtu aweza kukitumia. Kasoro yake ni kwamba skrini nayo ni shahidi anayejigonga. Mwaka 1966 kaburi la Kirk lililochongwa na adui yake kwenye kipindi kimoja liliandikwa James R. Kirk. R. Waandishi walikuwa bado hawajaamua. Waklingoni, viumbe wa sayari nyingine waliotokea 1967 na vipaji vya nyuso laini kama vya sisi, wakarudi kwenye filamu ya 1979 na matuta kichwani kama mgongo wa kasa. Kwa robo karne hakuna aliyesema kwa nini. Mwaka 1996 mmoja wao aliulizwa waziwazi ndani ya kipindi, akajibu kwamba hilo hawalizungumzi na watu wa nje; mwaka 2005 ndipo tamthilia nyingine ikatunga maelezo ya virusi. Kama kilichoonekana ndicho kilichotokea, basi kwa miaka 26 Waklingoni walikuwa na aina mbili za vichwa na zote mbili ni kweli.

Na mimi, kwa kutaka kuonekana msomi, nikaongeza kuni. Nikasema suala hili ni kama elimu ya hadithi za Mtume: kuna sahihi, kuna hasan, kuna dhaifu, tuangalie isnadi. Ustadh mmoja kijana, wa timu ya tatu, akaniinulia mkono. Hakukasirika, lakini hakunipa nafasi. "Usilinganishe, ndugu yangu. Kule twauliza nani kasikia kwa nani, na mtu wa kupokelewa ni mkweli. Huku kwenu mwauliza nani kanunua. Mkweli na mnunuzi ni watu wawili." Niliona aibu, kisha nikaona kwamba ameniokoa, kwa sababu ndilo jambo la maana zaidi lililosemwa usiku ule kabla ya Ami kufungua kinywa.

Maana ni kweli. Star Trek ya mwanzo ilitengenezwa na studio ya Desilu. Mwaka 1967 Desilu iliuzwa ikaunganishwa na Paramount, na tangu hapo kauli ya mwisho imefuata hati. Maadamu Roddenberry alikuwa hai, neno lake lilikuwa na uzito wake. Hata baadhi ya yaliyomo katika filamu ya tano, ya 1989, aliyahesabu kuwa ni ya kubandikwa. Alifariki Oktoba 1991. Filamu ya tano ipo palepale, na katuni alizozitilia shaka leo kampuni inazipanga rafu moja na nyingine.

Ami alituuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuingilia: "Hiyo hadithi, mwenyewe ni nani?"

Tukamweleza: kampuni.

"Na nyinyi?"

Tukamweleza: mashabiki. Tunaitazama, tunaijua, tunaandika, wapo wenye kuchapisha riwaya kwa idhini.

"Aa. Nyumba bila ardhi."

Msomaji wa nje ya Mombasa huenda asiuone uzito wa neno hilo. Hapa kwetu, Majengo na mitaa mingine mingi, mtu hujenga nyumba yake mwenyewe, akaiezeka, akaipaka rangi, akazaa na kuoza watoto ndani yake, na kiwanja si chake. Kila mwezi analipa kodi ya ardhi. Nyumba yaweza kurithiwa, yaweza kuuzwa. Lakini siku mwenye kiwanja anapokuja na hati, huna la kumwambia ila kwamba umekaa sana. Muuza vitabu, ambaye amezaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo, hakuchekeshwa na mfano ule. Alisema jina Nyota lilikaa kwenye kiwanja cha watu kwa miaka 27 likilipa kodi, ndipo mwenye kiwanja akasema kumbe nyumba hii nzuri, naichukua. Mwalimu akasema hapo hapo ndipo penye hoja yake: kabla hajasema, haikuwa yake. Fundi akasema alisema 2009. Tukawa tumezunguka tukarudi mlangoni.

"Nipe hiyo kadi," Ami akasema.

Ami alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hajawahi kutazama hata kipindi kimoja cha Star Trek, na usiku ule hilo lilimpa nguvu kuliko sote. Alivaa miwani, akaigeuza kadi akatazama ile chapa ya kahawa, akaigeuza tena.

"Jina la kwanza la Uhura lilithibitishwa mwaka gani," akasoma. "Lilithibitishwa na nani?"

"Na nani vipi, Ami?"

"Kitenzi hiki umekifunga kwa -wa. Palipo na -wa pana mtu nyuma yake. Mtoto kapigwa: na nani? Mlango umefungwa: na nani? Karatasi ilikuwa ikitujia imeandikwa 'imethibitishwa', haina jina wala muhuri, twairudisha ilikotoka. Wewe umeuliza lilithibitishwa, hukutaja mthibitishaji. Hawa watatu kila mmoja kakuletea wake. Huyu kaleta mwandishi mwenye idhini, huyu kaleta skrini yoyote, huyu kaleta skrini ya mkondo wenu wa asili. Wote wamejibu. Asiyeuliza ni wewe."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiyarudia naona yamenipita mimi na kadi yangu. Sikiliza mashabiki wanavyozungumza juu ya kanoni, wa Star Trek au wa tamthilia nyingine yoyote ile. Kipindi kimefutwa. Filamu imeondolewa. Jina limekubalika. Katuni zimerudishwa. Vitenzi vyote vimefungwa au vimejigeuza kana kwamba mambo yanajitendea, kama mvua. Kiswahili kinaturuhusu kumficha mtendaji kwa herufi mbili tu, na sisi tunamficha, kisha tunagombana tukidhani tunagombania hadithi. Fundi hakuwa na neno na Uhura. Ugomvi wake na mwalimu ulikuwa juu ya nani mwenye kuamrisha, na kila mmoja alikuwa na amiri wake kichwani bila kumtaja.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema basi kanoni ni upuuzi, kila mtu abaki na yake. Waandishi wa tamthilia inayoendelea wanaihitaji kama mafundi wanavyohitaji uzi wa kupimia ukuta: yule wa leo ajue asimpinge yule wa jana kwa kutojua. Anayetunga kipindi cha mwaka ujao lazima ajue Uhura anaitwa Nyota na kwamba alikulia Kenya, kama Strange New Worlds ilivyosema. (Bi mkubwa wa nyumba, alipopanda na sahani ya pili ya kashata akasikia hilo, aliuliza Kenya wapi, kisha akaomba isije ikawa bara.) Mtazamaji hana mzigo huo. Mimi nikiwa kitandani naweza kuamini nitakalo. Nikiwa mwamuzi mwenye kengele, siwezi. Na kosa langu lilikuwa kudhani kwamba neno moja lililofungwa kwa -wa limenifanyia kazi ya kuamua ni kipimo gani.

Nina ushahidi dhidi yangu mwenyewe, ambao sikuutoa usiku ule. Filamu ile ya 2009 mimi sikuitazama mara ya kwanza kwa Kiingereza. Niliitazama Likoni, kwenye kibanda cha video cha mabati, shilingi kumi, na msimulizi akiitafsiri kwa kipaza sauti juu ya sauti za waigizaji, kama desturi ya vibanda hivyo. Msimulizi yule hakuwa na haja na siri ya jina. Tangu Uhura alipotokea kwenye baa mwanzoni alimwita Mwanaisha, na Kirk alimfanya kijana wa Mtongwe asiyelipa madeni. Mzaha wote wa jina lisilojulikana ukafa, maana sote tulikuwa tumeshamjua Mwanaisha. Niliporudia kuitazama miaka baadaye, bila msimulizi, nikasikia "Nyota", nusura niseme wamekosea. Kwa watu wa kibanda kile, kama arobaini hivi, kila jioni, jina lilithibitishwa na mtu mwenye kipaza sauti. Kama ningepiga kengele usiku ule kwa haki, pengine ningesema Mwanaisha.

Na pana jambo la kuudhi zaidi kwa sisi tunaosimamia skrini. Kipindi cha kwanza kabisa cha Star Trek kuonyeshwa, tarehe 8 Septemba 1966, kina Kiswahili ndani yake. Kiumbe mla chumvi anajigeuza mwanamume wa kumvutia Uhura na kumsemesha kwa lugha yake. Mwaka uliofuata, mtambo fulani unapofuta kumbukumbu zake na ikabidi afundishwe kusoma upya, anapokasirika Kiswahili ndicho kinachomtoka. Nilimchezea mwalimu wetu sehemu hizo kwenye simu. Alizisikiliza mara tatu, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukitafuta kalamu nyekundu. Matamshi yale hayajawahi kusikika Kibokoni, wala Lamu, wala popote ninapopajua. Lakini yako kwenye skrini, na katika mkondo wa asili, bila mchepuko. Nikamwambia kwa kipimo chake mwenyewe hicho ndicho Kiswahili cha karne ya 23, na ajiandae. Alijibu kwamba skrini ina mipaka yake. Nilimkumbusha jibu hilo kwa wiki nzima.

Uamuzi wa Ami ulikuwa kwamba swali halikuwa swali, kwa hiyo halina mshindi: pointi zirudi 18 kwa 18, pesa zigawanywe sawa. Kila timu 1,500. Dada wa benki alihesabu noti zake 500 tatu, akaaga, akateremka ngazi. Kuanzia siku hiyo kila kadi yetu ina mstari wa pili, "kwa mujibu wa", na lazima ujazwe: skrini yoyote, skrini ya mkondo wa asili, kitabu chenye idhini, au kauli ya mtengenezaji. Maswali yamekuwa marefu na matamu kidogo chini ya zamani. Watu wanapiga kengele kwa kusitasita.

Timu ya mwalimu haijachukua fungu lake. Anasema akilipokea atakuwa amekiri sare, na yeye hakutoka sare, alishinda kwa swali lililokuwa sahihi ila halikukamilika. Anataka niandike juu ya bahasha "washindi", nami nimekataa kwa kuwa itabidi nimtaje aliyewashindisha. Bahasha iko kwenye droo ya kabati la Ami, chini ya leseni zake za zamani za udereva. Juu yake pameandikwa "Mwalimu, 1,500", na mtu, kwa mwandiko ambao si wangu wala wa Ami, kaongeza kwa penseli: "2022".